Mzigo hauulizi jina la kinga



Katika toleo hili tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wanaliona ni la kuchekesha tu, lakini sisi tunaona limeanza kuharibu kazi. Ni dharau kati ya wenye kinga. Mwenye pikipiki anamcheka mwenye kinga. Mwenye kinga mpya ya vitesi, ile yenye gia nyingi na shoki mbele, anamcheka mwenye Phoenix nyeusi ya zamani. Mwenye Phoenix naye anamcheka mwenye chukudu. Na wote pamoja wanamcheka mama anayebeba gunia mgongoni. Kila mtu amepata wa kumcheka.

Tungeacha kama ingekuwa ni maneno ya njiani tu. Watu wakitaniana wakipanda mlima, safari inakuwa fupi. Lakini utani ule umetoka njiani, umeingia mu depo, umeingia mu komite, umeingia hata mu mfuko wa mkopo. Njo maana tunaandika.

Dharau ikifika kwenye mizani

Angalieni namna watu wanavyopokelewa siku ya kuleta kahawa. Pikipiki ikifika, watu wanasogea. Mwenye kinga ya kung'aa anasalimiwa kwa jina: "Karibu, patron!" Mzee mwenye kinga iliyofungwa kwa kamba ya mpira anaambiwa: "Weka pale kwanza, papa, tutakuona." Anangoja. Jua linapanda. Wengine wanne waliofika nyuma yake wanapimiwa, wanaandikwa, wanakwenda. Hakuna aliyeandika sheria kwamba wenye vyombo vya bei wapimiwe mbele. Imekuja yenyewe, na hakuna aliyeikataza.

Sasa, kila mkulima wa kahawa anajua: kahawa nyekundu iliyochumwa asubuhi inapaswa kufika ku stasio ya kuoshea na kutolewa maganda siku ileile. Ikikaa ndani ya gunia inaanza kupata joto na kuchacha, na harufu ile haitoki tena hata uioshe namna gani. Mbaya zaidi, kahawa ya yule mzee haiendi sokoni peke yake. Inamwagwa pamoja na ya wengine. Mnunuzi akionja na kukuta uchachu, hashushi bei ya mzee, anashusha bei ya lot nzima. Kwa hiyo yule kijana aliyepimiwa wa kwanza kwa sababu ya kinga yake nzuri, yeye pia amepoteza. Amejipunja mwenyewe kwa kucheka.

Na kahawa si peke yake. Mashu yanakauka, nyanya zinapasuka, maziwa yanaganda. Mazao haya yote yanahesabu saa. Hayahesabu rangi ya kinga.

Kuko hasara nyingine isiyoonekana ku mizani. Ni ya yule anayeona haya, akaacha kinga yake nyumbani na kuita motari. Tuseme motari anaomba 5 000 franka kwa gunia moja, na wewe unaleta magunia manne kwa mwezi. Hiyo ni 20 000 kila mwezi. Kwa miezi mitatu ya mavuno ni 60 000. Bei inabadilika kila mahali, kwa hiyo kila mtu aandike hesabu yake mwenyewe kwa bei za kwake. Lakini akimaliza ajiulize: pesa hizi nililipa juu ya umbali, ao nililipa ili watu wasinicheke? Kama njia ni ndefu na mzigo ni mkubwa, motari anastahili pesa yake. Kama ni haya tu, basi haya ile imekula shamba.

Na kuko yule kijana aliyechukua mkopo wa mbegu, akaongeza kidogo, akanunua kinga yenye shoki mbele na nyuma. Kinga ni nzuri, hatukatai. Lakini chuma cha nyuma kinapanda na kushuka, hakuna mahali pa kufunga kibebeo cha kawaida. Siku ya mavuno kinga ya bei kubwa inabaki ukutani, na kijana anaazima kinga nyeusi ya baba yake. Ile aliyoicheka.

Dharau hii haikuanza kwetu

Watu wa Ulaya, waliotengeneza kinga za kwanza, walichekana sana kuliko sisi. Zamani kule kulikuwa kinga za gurudumu moja kubwa mbele, refu karibu sawa na mtu, na gurudumu dogo nyuma. Aliyeweza kupanda ile alijiona dume. Mwaka 1885 John Kemp Starley, kule Coventry Uingereza, akatoa kinga ya magurudumu mawili yaliyo karibu sawa, yenye mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Wenye gurudumu kubwa waliidharau, eti ni ya waoga. Leo gurudumu kubwa liko katika nyumba za makumbusho, na kinga ya "waoga" njo ile tunayopakilia makala na mihogo.

Kisha mwaka 1888 daktari mmoja wa wanyama huko Belfast, jina lake John Boyd Dunlop, akaleta mpira wenye kujazwa hewa. Mbele ya hapo kinga zilitembea juu ya mpira mgumu usio na hewa, na mifupa ya mpandaji ilijua. Watu walicheka mipira ile minene, wakaifananisha na soseji. Mwaka uliofuata Willie Hume akaingia na mipira hiyo kwenye mashindano palepale Belfast, akawashinda waliokuwa wanacheka. Kicheko kikaisha, kila mtu akautafuta mpira wa hewa.

Hata Tour de France, mashindano makubwa kuliko yote, ilikuwa na dharau yake. Henri Desgrange, aliyeyaanzisha mwaka 1903, hakupenda kabisa vyombo vya kubadilisha gia. Aliona ni vya wazee na wanyonge. Wapandaji walifika chini ya mlima, wanashuka, wanafungua gurudumu la nyuma na kuligeuza, juu kila upande ulikuwa na jino la ukubwa wake. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1937 ndipo wakaruhusiwa kubadilisha gia wakiwa juu ya kinga. Miaka zaidi ya thelathini watu waliteseka milimani, si kwa kukosa chombo, bali kwa sababu mkubwa mmoja alikiona si cha kiume.

Tunaona fundisho moja hapa. Mwenye kudharau chombo mara nyingi hajakiuliza kinafanya kazi gani. Anauliza tu kinamwonyesha yeye kuwa nani.

Mpira ule ulitoka wapi?

Kuko jambo jingine ambalo sisi Wakongomani hatuna ruhusa ya kulisahau. Wakati mpira wa hewa ulipoenea Ulaya na Marekani, miaka ya 1890, kila mtu kule alitaka kinga, na baadaye magari yakaongezeka. Utomvu wa mpira ukatafutwa kwa nguvu. Sehemu yake ilitoka katika misitu yetu, katika ile nchi iliyoitwa Dola Huru la Kongo, ambayo Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliitawala kama shamba lake tangu 1885 hadi 1908. Babu zetu walilazimishwa kuingia porini kukusanya utomvu. Aliyeleta kidogo alipigwa, wake za watu walifungwa kama rehani, mikono ilikatwa, vijiji vilichomwa.

Hatuandiki haya ili mtu aone huzuni kila akipanda kinga. Tunaandika kwa sababu mpira wa kinga, wa bei kubwa na wa bei ndogo, una historia moja, na historia hiyo ilipita juu ya migongo ya watu wetu. Mjukuu wa mtu aliyebeba utomvu ule, akimcheka mjukuu mwenzake kwa sababu mpira wake umeshonwa na uzi, tunaona ni jambo la aibu kuliko ule uzi.

Kila chombo na njia yake

Tazameni vizuri kazi inavyofanyika hapa kwetu. Katika bonde la Ruzizi, toka Uvira kupita Sange na Luvungi hadi Kamanyola, njia ni sawa, na kinga nyeusi isiyo na gia inabeba mchele na mihogo vizuri kabisa. Toka Kibumba kushuka Goma, chukudu inateremka na viazi, karoti na mashu, mzigo ambao kinga ya kawaida ingevunjika chini yake. Kisangani watu walipokosa magari, kinga za toleka njo zilizobeba mji: wagonjwa, wanafunzi, mizigo ya soko.

Chukudu yenyewe ilizaliwa hapa Kivu ya Kaskazini, miaka ya 1970. Haikuletwa na shirika wala na kiwanda. Ni mti wa mkaratusi, magurudumu ya mbao yaliyovishwa vipande vya mpira wa gari, na mahali pa kuweka goti. Haina mnyororo wa kukatika wala pedali ya kuvunjika, na fundi wake anakaa kijijini. Goma waliijengea sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya rond-point, na mahali hapo panaitwa kwa jina la chukudu. Basi mji mzima umeisimamishia sanamu, na sisi mu depo tunamwambia mwenye nayo asimame nyuma?

Lakini tuwe waadilifu. Dharau inatoka pia upande wa pili. Kuko wazee wanaosema kinga ya vitesi ni ya wavivu, eti mwanaume wa kweli anasukuma. Hao wanarudia makosa ya Desgrange. Gia ndogo inamsaidia mpandaji kupanda mlima bila kuchoka mapema. Na kinga nyeusi ina ubaya wake. Nyingi zinasimama kwa freni za fimbo zinazobana ringi ya chuma, na ringi ya chuma ikiloa freni hizo zinateleza. Ukishuka na gunia mbili wakati wa mvua, unajua tunasema nini. Chukudu nayo ikiwa na mzigo mrefu kwenye mteremko haisimami upesi, na watu wameumia. Kusema kweli juu ya ubaya wa chombo si dharau, ni kulinda uhai wa mwenzako. Dharau ni kumpima mtu kwa chombo.

Jirani zetu wa Rwanda walitupa mfano mzuri miaka ya 2000. Mmarekani mmoja mtengenezaji wa kinga, Tom Ritchey, alitembea kule, akaona namna wakulima wanavyobeba kahawa. Kukatoka kinga ya kahawa: ndefu nyuma, imara, yenye gia za kupandia milima, na kibebeo cha magunia. Wakulima wa koperative waliipata kwa mkopo. Kinga ile ilianza na gunia. Kwanza waliangalia mzigo na mlima, kisha wakachora chuma. Sisi mara nyingi tunafanya kinyume: tunaangalia chuma kwanza, halafu tunashangaa gunia halikai.

Juu ya uzito na kung'aa

Tangu mashindano ya dunia ya kinga yalipofanyika Kigali, Septemba 2025, mara ya kwanza katika Afrika, vijana wengi wanatuonyesha picha mu simu. Wameona kinga za kaboni za bei ya kupita dola 10 000, nyepesi sana hata sheria ya mashindano inakataza kinga kuwa chini ya kilo 6.8. Tunafurahi. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda etapu tatu za Tour de France mwaka 2024 na kuvaa fulana ya kijani hadi mwisho, na mtoto wa Afrika yeyote ana haki ya kuota ndoto ile.

Lakini mashindano ni kazi moja na mavuno ni kazi nyingine. Tufanye hesabu. Kinga nyeusi ina karibu kilo 20. Mpandaji, tuseme kilo 60. Gunia, kilo 80. Jumla ni 160. Ukilipa pesa nyingi upate kinga nyepesi ya kilo 15, jumla inabaki 155. Umepunguza kilo tano tu juu ya 160. Wakati huohuo mipira isiyo na hewa ya kutosha, mnyororo mkavu wenye udongo, na gurudumu lenye rayo zilizolegea vinakuchosha kila siku, na kuvitengeneza ni pompi, mafuta kidogo na saa moja ya fundi. Mwenye kinga ya zamani iliyotunzwa atampita mwenye kinga mpya iliyoachwa.

Kwa hiyo mtu akitaka kununua, ao koperative ikitaka kununua, tunapendekeza maswali manne. Kwanza: inabeba kilo ngapi mu njia yetu, wakati wa mvua, si mu njia ya lami? Pili: ikiwa na mzigo huo, inasimama? Tatu: ikivunjika, kipande chake kinapatikana ku soko letu, na fundi wetu anakijua? Nne: bei yake ni mavuno ya miezi mingapi? Kinga inayojibu maswali haya vizuri njo kinga nzuri. Jina lililoandikwa juu ya chuma haliko katika maswali.

Tunachoomba kwa komite

Kwanza, mstari ku depo ufuate saa ya kufika, na mazao yanayoharibika upesi yapite mbele. Mtu wa mizani aandike saa ku daftari, karibu na jina. Daftari halina macho ya kuona kinga. Mwenye kuona amerukwa aonyeshe daftari mbele ya komite, bila kugombana.

Pili, kila depo iwe na kona ya fundi: pompi moja, funguo, gundi na viraka, mafuta ya mnyororo. Vipande vinavyokwisha upesi, kama mipira ya ndani, rayo na vipande vya freni, tununue pamoja kama tunavyonunua mbolea. Chukudu pia ipate nafasi pale, maana magurudumu yake nayo yanahitaji mpira mpya.

Tatu, koperative isinunue chombo chochote bila kuwauliza wanaokisukuma. Na kati yao wawepo wamama. Mara nyingi tumesikia eti mwanamke hana haja ya kinga, kazi yake ni mgongo. Wanaosema hivyo hawajawahi kubeba gunia la mihogo kilometa kumi na mtoto tumboni. Kinga isiyo na chuma cha juu katikati, ambayo mtu anapanda hata akiwa na kitenge, ipo ku soko. Kuichagua si kupoteza heshima ya mtu yeyote.

Nne, neno hili ni kwa mashirika, hata lile linalochapa jarida hili. Kutoa kinga mpya hamsini, kupiga picha, kisha kuondoka bila kuacha vipande wala kufundisha fundi, ni majivuno pia. Ni majivuno yenye bango. Afadhali kinga ishirini za aina inayojulikana ku soko, pamoja na vipande vya miaka miwili. Picha haitakuwa nzuri sana, lakini mazao yatafika.

Wahenga wanasema mdharau mwiba mguu huota tende. Dharau tuliyoiacha kama mwiba mdogo imeanza kuvimbisha mguu wa koperative. Wanamemba wachache wachache wanaanza kuuza kando ya njia kwa bei ya chini, ili wasipite mbele ya macho ya watu ku depo. Tukiwauliza, wanasema njia ni mbali. Lakini njia haikuongezeka urefu. Kila gunia linalouzwa kando ya njia ni gunia linalokosekana siku tunapokaa na mnunuzi kuzungumza bei, na mwenye magunia machache anasikilizwa kidogo.

Tunaomba neno hili liwekwe katika mkutano mkuu unaokuja, pamoja na hesabu za msimu. Mtu wa mizani alete daftari. Wenye chukudu wakae mbele, si kwa huruma, bali kwa sababu wanajua njia kuliko sisi wote. Na atakayekuja na kinga ya kung'aa, karibu naye, tunamhitaji. Aifunge nje pamoja na nyingine, kisha aingie ndani tuhesabu magunia.